Udongo Haufuliwi

Mama Numbi ameniuliza tena, mikono kiunoni:
"Mtaufuaje udongo, ninyi wenye glavu?
Mtauanika kwenye kamba?"
Nikacheka. Kisha nikakosa jibu,
nikachota kijiko cha ua wake, nikakitia katika kifuko,
nikaandika: karibu na jiko, sentimita kumi, Jumanne.

Upepo wa Lubumbashi una njia yake.
Miaka mingi ulishuka kutoka kwenye dohani,
ukapita juu ya mabati, ukalala kwenye lengalenga,
na kila mwanamke aliyefagia asubuhi
alifagia shaba asiyoweza kuiuza.
Dohani imenyamaza sasa.
Mlima mweusi wa mabaki umebaki pale pale, watu hupigia picha,
lakini kilichoanguka kilianguka.
Mvua haikukiosha. Ilikisukuma chini tu, polepole,
kama mtu afichaye barua ya deni chini ya godoro.

Wa kwanza walikuja na tingatinga.
Chimba, pakia, peleka mbali.
"Mbali ni wapi?" akauliza Kyembe, dereva wa lori la tatu.
Wakaonyesha kwa kidole.
Kwao Kyembe ni huko huko kidole kilikoelekea.
Akazima injini. Lori likashinda hapo hadi jioni,
likiwa na shehena yake, bila pa kwenda.

Basi tukarudi kwenye chokaa.
Magunia kumi na sita kwa ua mmoja,
na mbolea ya takataka za soko la Kenya:
maganda ya ndizi, majani ya sombe, mabua,
vimeoza miezi mitano vikanuka hadi kanisani.
Shaba haiondoki. Hili nalisema wazi.
Udongo mchachu huiachia itembee;
udongo uliotulizwa huishika kwa kucha.
Sikumwambia Mama Numbi "tumesafisha."
Nilimwambia: tumeifunga,
na kila jela inataka askari.

Askari ni nyasi.
Tulizitoa vilimani, pale ambapo miti hukataa kuota,
vishungi vyembamba, vikavu, vya rangi ya simba mzee.
Wachimbaji wa kale walizisoma: hapa chini pana mali.
Sisi tunazipanda, kishungi na kishungi, shubiri moja moja,
zisomeke: hapa usichimbe.

Maji ni kesi nyingine.
Tulizamisha mabomba saba. La nne likatoa maji
maangavu, baridi, yasiyo na harufu wala ladha,
na hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi.
Tukakata mtaro kuyavukia njia yao ya gizani,
tukaujaza mawe ya chokaa na vumbi la chuma,
yapite yenyewe, yaache mzigo, yaendelee hadi mtoni.
Vumbi hilo alituuzia Mwansa, fundi wa lathi, kwa kilo,
akihesabu noti huku anatikisa kichwa:
"Baba zetu walilipwa kutoa chuma ardhini.
Ninyi mnalipwa kukirudisha."

Msimu wa tatu wa mvua.
Nyasi zimeshika, isipokuwa pale paa linapodondoka,
kiraka kitupu, ukubwa wa mkeka, kinachonitazama.
Lengalenga ya Mama Numbi iko kwenye magunia,
katika udongo ulionunuliwa, na yeye hakuzoea
kununua kitu ambacho alizaliwa juu yake.
"Lini nitapanda chini?"
Bado, mama.
"Bado ya miaka mingapi?"
Nikaangalia daftari langu kana kwamba limeandikwa humo.

Lililomuuma zaidi si kupanda. Ni ufagio.
Tulimwomba asifagie, vumbi lisiamke,
yeye aliyefunzwa na mamake kwamba ua usiofagiwa
ni ua wa nyumba iliyofiwa.
Majirani wamempa pole mara mbili.
Leo nimemkuta mlangoni, kabla ya jua,
amefunga kitenge, ameinama,
anafagia kizingiti cha saruji peke yake,
urefu wa mikono miwili,
anakifagia, anarudi, anakifagia tena,
na ufagio ukifika kwenye nyasi
anauinua.