Nakala Tatu

Verla Stuchlik anasimika kipimasauti
mita thelathini toka relini. Nebraska, Machi.
Upepo usizidi, theluji isiwepo chini:
ndivyo fomu isemavyo, nakala tatu.

Kichwa cha treni kinanguruma palepale kilipofungwa breki.
Desibeli themanini na saba. Kimefaulu.
Muhuri umeganda kwa baridi;
anaupulizia pumzi, anagonga tena.

Ng'ambo ya uzio, Orval, dereva mstaafu,
anapaza sauti kana kwamba yeye ndiye injini:
"Siku hizi mmezifunga midomo! Sisikii kitu!"

Verla anarudia visanduku:
namba, tarehe, hali ya hewa.
Sikio lililofia kazini halina safu yake.
Chini kabisa, "Maoni": mstari mmoja, mfupi.
Kalamu inasita.
"Hakuna," anaandika,
mara tatu.