Mafuta Yatapanda Yenyewe

Tarehe ishirini na nane, Takoradi, mvua ya tangu adhuhuri,
umeme umekwenda zake bila kuaga,
na mlangoni kasimama Ekow, kaka yangu,
baada ya miaka sita na miezi sijui mingapi,
maji yakimchuruzika puani kama mtoto.
"Mansa," akasema. Basi. Hakuongeza neno.

Nami sikumwambia karibu. Nilimwambia, "Vua viatu."

Kabatini: kitunguu kimoja kilichoanza kuota,
nyanya ya kopo, nusu, imefunikwa kwa kisahani,
viazi vitamu viwili vyenye sura ya magoti,
kichwa cha samaki mkavu, kimekunja uso
kana kwamba kinausikiliza ugomvi wetu tangu siku ile.
Na chupa ya siagi ya karanga ya Fiifi,
ya kupaka mkate wa shule, yenye sukari,
yenye alama za vidole vyake mpaka chini
(aliniapia kwamba ni panya).

Supu ya karanga haitaki sukari. Najua.
Mama angenifukuza jikoni kwa upawa.
Lakini Mama alikwisha kuzikwa, na ugomvi wenyewe
ulikuwa huo: jeneza la bei gani, pesa za nani,
nani aliibeba cherehani yangu usiku wa matanga.

Nikawasha mkaa. Nikaponda tangawizi kwa kitako cha chupa,
pilipili tatu, ya nne kwa ajili ya sukari,
ya tano kwa ajili yake yeye.
Karafuu mbili zilizosalia kwenye karatasi.
Kungumanga nikaikwaruza mpaka nayo ikanikwaruza.
Kitunguu kikalia ndani ya mafuta. Na kilie.
Nyanya ikafuata, ikatema matone ukutani,
kisha maji, viazi, na kile kichwa kilichonuna.

Sasa karanga. Hapa ndipo watu huharibu:
huimwaga yote kwa pupa, ikashika madonge.
Wewe ichote kijiko kwa kijiko, uitenge bakulini,
uipe maji ya moto kidogo, uikoroge,
uibembeleze mpaka ilegee, mpaka rangi igeuke
kutoka udongo mkavu iwe udongo wa mvua ya kwanza.
Ndipo uitie sufuriani. Ndipo ungoje.

Ekow alikuwa kwenye kigoda, goti likimcheza.
"Imeiva."
"Haijaiva."
"Inachemka, Mansa."
"Kuchemka si kuiva. Tazama juu. Mafuta yako wapi?"

Akanyamaza. Mvua ikabaki na bati, wakiongea wao.
Supu hii haiivi kwa kuhesabu dakika;
inafura, inatoa povu, inakudanganya,
inabwabwaja kama mtu mwenye udhuru mwingi,
halafu inatulia, na kule chini usikokuona
mafuta yanajitenga na karanga,
yanapanda polepole, jicho moja jekundu, jicho la pili,
wala hakuna aliyeyaita.

Lilikuwa jicho la tano au la sita aliposema,
akiutazama moto, si mimi:
"Niliiuza Kumasi. Haikufikia hata nusu ya deni la jeneza."

Sikujibu. Nilionja.
Ule utamu wa dukani ulikuwa bado upo,
nyuma ya ukali, kama mtoto nyuma ya mlango,
na (Mama anisamehe) haukuwa mbaya.

Fiifi akaamshwa na harufu, akaja akikokota shuka,
akamtazama mgeni, akaitazama chupa tupu.
"Nani kamaliza siagi yangu?"

"Panya," akasema Ekow, bila hata kupepesa,
kwa sauti ileile aliyokuwa akimjibia Mama,
nami niliyejiwekea nadhiri
nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Bakuli tatu. Kichwa cha samaki nikampa yeye,
akakifyonza mpaka kwenye macho.
Cherehani sikuitaja.
Kesho nitaitaja.