Upana wa Magogo

Nimekuja Vingunguti na udongo kwenye kopo la rangi.
Muuzaji anadhani ni chakula changu cha mchana.
Ananivutia kiti, ananipa kijitabu cha picha:
gari jekundu linaruka juu ya mchanga,
kijana wa Kizungu anacheka, meno yote nje.
Namuuliza, huyu amebeba nini?
Anasema, mama, huyu anafurahi.

Mimi nalima bamia Msongola, kaka.
Heka mbili na kipande, bondeni,
udongo wa mfinyanzi, mweusi, usiojua masihara.
Kiangazi unapasuka hadi unameza jembe,
masika unakuvua kiatu, unabaki nacho.
Mwaka juzi ulimeza guta la shemeji Pazi,
tairi zote tatu, pamoja na mchicha wa Ijumaa.
Tulilitoa Jumatatu, limepinda kiuno.
Mwaka jana ulimeza mgongo wa mume wangu.

Hilo la mwisho sikumwambia.
Nilifungua kopo,
nikaweka bonge juu ya meza yake ya kioo,
nikasema: huyu ndiye mteja.
Mimi nimemsindikiza tu.

Alicheka. Kisha hakucheka.

Tukatoka uani, juani.
Viti viwili viwili, ubavu kwa ubavu,
magari hayana milango
wala haya ya kutokuwa na milango.
Jekundu lina winchi, lina taa nane,
linanguruma kama limetukanwa.
La kijani lina bodi la nyuma linalobinuka,
dizeli, sauti ya cherehani kuukuu,
rangi imebanduka pale mtu mwingine
alipozoea kuweka kiwiko.
Yote mawili usukani kushoto.
Muuzaji akaomba radhi kwa hilo.
Nikamwambia, kwenye tope hakuna kushoto,
kuna kufika na kuna kulala huko huko.

Nikakandika udongo kwenye meno ya tairi,
nikaushindilia kwa kidole gumba,
nikausubiri unyauke kidogo.
Meno ya jekundu yamebanana, yaliukumbatia.
Ya kijani yana nafasi:
teke moja, yakautema.
Nikalala chini, shavu kwenye zege,
nione tumbo lake liko mbali gani na ardhi.
Shubiri na vidole vitatu.

Akaanza habari za farasi,
nguvu za farasi hamsini, nguvu za farasi sabini.
Msongola sijawahi kuona farasi.
Nguvu naihesabu kwa matenga:
matenga kumi na mawili, kutoka matutani hadi lami,
kabla ya adhana ya alfajiri,
maana mnunuzi wa Ilala hasubiri
na bamia ikichelewa inakomaa kwa hasira.

Ndipo nikavua kanga ya juu.
Ina mafundo mawili.
Toka fundo hadi fundo ndio upana wa daraja langu,
minazi miwili iliyolazwa juu ya mfereji;
aliipima jana binti yangu Sikudhani
akiwa na maji magotini.
Tukainyoosha mbele ya jekundu.
Likazidi shubiri nzima, huku na huku.
Muuzaji akasema, panua daraja.
Nikasema, nizalie basi minazi.
La kijani likaingia kati ya mafundo,
likabakiza unene wa kidole.

Bei yake milioni kumi na moja.
Ninazo saba za kikoba, na moja ya pikipiki tuliyouza.
Tulivutana hadi chai yake ikaota utando.

Kabla ya kutia sahihi niliomba kukaa.
Si kwenye usukani. Kiti cha pili.
Nikapanda, nikashuka, nikapanda tena polepole,
nikiuma meno pale ambapo yeye angeuma,
nikipapasa pa kushika.
Pana chuma, usawa wa bega.
Kinatosha kiganja cha mtu mrefu.

Mama, unajaribu nini?

Naangalia, nikasema,
kama mzigo utakaa vizuri.