Farasi wa Ghorofa ya Tisa

Katowice haina usiku. Ina saa tu
ambazo watu wamelala na taa zimekesha.
Anga juu ya kituo cha treni
lina rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa kikombeni,
na ukihesabu nyota kutoka roshani yangu
mkono mmoja unatosha, na kidole kitabaki.

Hata hivyo natoa darubini,
fupi na nene kama mtungi wa gesi,
naielekeza kusini
kati ya bomba la moshi na dishi la televisheni.
Baridi ni nyuzi saba chini ya sifuri.
Glavu zangu nimezikata ncha.

Miaka thelathini na mmoja nilipiga watu eksirei.
"Usipumue," niliwaambia. "Haya, pumua."
Najua giza nalo ni habari,
kwamba ufa wa nyonga hujitangaza
kwa weusi mwembamba kama unywele.

Mbele ya kamera nimefunga kichujio
kisichopitisha ila wekundu wa haidrojeni,
bawabu asiyekula hongo:
taa za barabarani, tangazo la viatu,
msalaba wa kijani wa duka la dawa,
wote wanabisha, wote wanarudishwa.
Dakika tano, picha moja. Dakika tano nyingine.
Kila picha, ukiitazama peke yake,
ni masizi na chenga.

Ninayemtafuta ni Kichwa cha Farasi,
chini ya nyota ya kushoto ya mkanda wa Jabari.
Si nuru yeye. Ni vumbi.
Nuru iko nyuma yake;
yeye ni pale ilipozuiwa.

Babu Alojz alikuwa na farasi mgodini.
Liza. Walimshusha akiwa na miaka minne,
zizi lake mita mia tatu chini ya viazi vya watu.
Alijua hesabu, babu alisema:
minyororo ya mabehewa ikilia mara nne, anavuta.
Ikilia ya tano, anasimama,
na hakuna fimbo wala tusi la kumsogeza.
Nilimuuliza siku Liza alipopandishwa juu ilikuwaje.
Babu akaomba apitishiwe chumvi.

Baada ya siku kumi na moja za mawingu
kukapambazuka usiku, kama ninavyosema mimi,
na taa ya roshani ya ghorofa ya nane
ikaniharibia kona ya kila picha.
Nikashuka na maneno yangu nimeyapanga.
Ginter alifungua akiwa na fulana.
"Mwaka themanini na mbili," alisema,
"dari ilitufukia siku mbili. Tulitoka wawili.
Mimi nalala na taa."
Hakuomba radhi.
Nikarudi juu na maneno yangu yote,
nikatundika blanketi kwenye vyuma vya roshani.

Picha tisini na sita. Saa nane za nuru,
zilizookotwa kwa wiki tano.
Kompyuta ikazilaza moja juu ya nyingine,
chenga zikafutana zenyewe kwa zenyewe,
na Jumapili, supu ikiwa jikoni, akatokea:
shingo, shavu, pua iliyoinama
kama anayenusa maji asiyoyaamini.

Nilimwita Ginter. Alikuja na soksi, akavaa miwani,
akatazama zaidi ya adabu inavyodai.
Nikamweleza: ni vumbi, ni mbali mno,
nuru hii iling'oa nanga kabla mji huu haujapata jina.
"Sikuuliza hilo."
"Uliuliza nini?"
"Nani yuko naye kule?"

Nilimmiminia chai. Akainywa yote, akashuka.

Usiku ule nilikuwa nakaza skrubu
mwanga ulipozimika ukingoni mwa blanketi.
Nikaacha kila kitu, nikahesabu.
Arobaini na moja, arobaini na mbili,
ukawaka tena.
Picha inataka dakika tano.
Sikumwambia kwamba niliona.