Gamba

Nje ya Alnif, kusini kabisa mwa Moroko,
kaka yangu Bassou huchimba bahari.
Haina maji. Ni mtaro wa kina cha kiuno,
sururu, mkate mkavu, birika lenye masizi
na dua yake ileile ya alfajiri:
Bismillahi, leo utupe chenye macho.

Chenye macho kina bei.

Mimi ndiye ninayekitoa ndani ya jiwe,
kwa sindano na kompresa inayokohoa,
punje kwa punje, wiki mbili, pengine tatu,
mpaka kisukuku kitokeze mgongo wenye mbavu,
kisha kichwa, kisha macho mawili pembeni
yaliyopangwa tundutundu mithili ya sega.
Macho ya jiwe. Wala hayakugeuka jiwe baadaye:
yalikuwa jiwe mdudu akiwa hai.
Aliitazama dunia kupitia chokaa safi
na akaona. Adui, mwanga, mwenzake.

Mama, Tuda binti Haddou, alikuwa akikaa mlangoni pa karakana
na mtoto wa jicho kila upande.
"Nipe," alisema. Nikampa.
Akakipapasa kwa dole gumba, mbavu hadi mbavu,
kama anayevuta tasbihi,
akauliza kama kiliwahi kuona mvua.
Kiliishi majini, Mama. Mvua hakikuijua.
Akacheka. "Basi kilikuwa peponi
na hakuna aliyekiambia."

Mwaka wa ukame nilimimina kimoja cha plasta.
Nilikipaka rangi, nikakichonga macho mazuri kupita kiasi.
Aliniridishia kabla chai haijachemka.
"Hiki hakijatoka popote."

Kisha akaja mnunuzi, Joris, mtu wa Ghent,
lenzi shingoni, viatu vya bei ya mbuzi wanne.
Aliinamia kazi yangu ya wiki tatu, akanyamaza,
akasema kwa Kifaransa cha polepole:
Huyu hakufia hapa.
Tazama shingoni, mshono umeachia,
kichwa kimesukumwa kando.
Alijivua gamba. Alitokea hapa mbele,
laini, bila silaha, akaenda zake.

Na gamba si mwili. Akashusha bei.
Bassou aliapa, akasimama, akaketi, akamwaga chai.
Mimi nilibaki na sindano mkononi.
Miaka kumi na tisa nikidhani nafukua maiti,
nikinong'ona Fatiha juu ya kila jiwe,
kumbe wengine walikuwa wamehama tu.
Nikamuuliza: na aliyetoka, alikwenda wapi?
Joris akainua mabega.
Alikuwa mtu mwema. Hakutaka kunidanganya.

Mama alitutoka mwezi wa Shaabani.
Tulimwosha wanawake wanne,
nami nikashangaa jinsi alivyokuwa laini,
yeye aliyetulea kwa sauti ya mawe.
Kandambili tuligawa, na sufuria, na blanketi la mistari.
Shela lake jeusi la nyuzi nyekundu na manjano
nilikataa kulitoa.
Limetundikwa msumarini karibu na kompresa.
Viwiko vyake bado vimo. Umo na mkunjo
pale alipozoea kulibana kwa meno
akihitaji mikono yote miwili.

Vumbi la jiwe huingia humo mchana kutwa.
Silikung'uti. Sijui kama ni uvivu au ibada;
Bassou anasema ni uvivu.
Lakini nimemwona akipita huinamisha kichwa kidogo
kama mtu anayepita mbele ya anayeswali.

Jana mshono wa begani umeachia.
Ufa wa vidole vitatu, nyuzi zikitazama nje.
Nilitafuta sindano, ile ya nguo,
nikatia uzi mweusi, nikapiga fundo.
Nikasimama pale hadi adhana ya magharibi.
Kisha nikautoa uzi tunduni,
nikauzungusha tena kwenye kigurudumu chake.
Alipotokea paache wazi.