Mguu Mtauzika Wapi

Tukuyu, saa nane usiku. Mvua ya mwezi wa nne
imeyashikilia mabati kama mtu anayedai chake.
Kitanda cha tisa, kikombe kimeruka,
uji umechirizika ukutani hadi kwenye faili,
na mzee Anyelwisye ananiita majina
ambayo mama yangu hakunipa.

Nilitaka kusema: Tulia, mzee.
Neno hilo nalijua. Jepesi, lina kufuli ndani.
Ukilitamka unasikia kitasa kikizunguka,
mgonjwa upande ule,
wewe upande huu na sindano yako.

Mwaka jana nilitumia jingine, baya zaidi.
Tupokigwe, wodi ya wazazi, maziwa yamemjaa,
kitoto kimekwisha kufunikwa.
Nikamwambia: Utapata mwingine.
Hakulia. Alinitazama
kama unavyotazama duka lililofungwa.
Mpaka leo nikipita sokoni, pale penye viazi,
nainamisha kichwa nisije nikakutana na macho yale.

Basi usiku huu nikaokota kikombe, nikavuta kigoda,
nikakaa chini kuliko macho ya mzee.
Sikusema kitu. Ni kazi ngumu, kutosema kitu;
chuoni haina somo wala cheti.
Dripu ikahesabu. Mahali fulani mtoto akakohoa.

Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei:
“Kesho mkiukata, mguu mtauzika wapi?”

Mguu wenyewe ulikuwa chini ya shuka,
sukari imeutafuna kuanzia kidole gumba.
Huu, akasema, ndio ulioshusha magunia hadi Kiwira
barabara ilipokuwa matope matupu.
Huu unaijua njia ya migombani alikolala Subilaga
hata pasipo taa.
“Sasa nitamfuata nikiwa nusu?
Nusu nyingine mtawapa mbwa wa hospitali?”

Ulimi ukaniletea Usijali. Nikaumeza.
“Sijui, baba,” nikasema. “Sijui wanaupeleka wapi.
Lakini asubuhi, kabla hawajaja kukuchukua,
nitauliza. Na jibu nitakuletea mwenyewe,
liwe zuri, liwe baya.”

“Na wakikubali kutupa tukauzike?”
“Nitamwita binti yako aje na kitenge.”

Akanyamaza. Mvua nayo ikalegea kidogo, si sana,
mvua ya Rungwe haina adabu ya kuondoka.
Akanyoosha mkono wenyewe, tayari kwa sindano,
akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu:
“Ndaga, mwanangu. Na wewe, tangu jioni umekula?”

Sikuwa nimekula.
Nikageuka kufuta uji ukutani,
nikafuta kwa muda mrefu,
hata pale palipokwisha takata.