Friji, Ghorofa ya Tano

Rasimu ya kwanza niliandika FRIJI SAFI SANA KAMA MPYA BEI POA,
herufi kubwa zote, alama za mshangao tano.
Kavinya wa mlango wa pili akasoma juu ya bega langu,
akacheka mpaka chai ikamwagika.
"Nairobi nzima ina kitu kama mpya," akasema.
"Andika jina lake. Andika kimo chake.
Andika inapita mlango gani."

Tepu ya kupimia sikuwa nayo.
Nikapima kwa kamba ya kiatu, kisha kamba nikaipima
kwa rula ya mwanawe, iliyokatika kwenye ishirini na saba.
Kimo, sentimita mia moja arobaini na tatu.
Upana, hamsini na tano.
Inaingia mlango wowote wa ploti za Pipeline
ukitoa bawaba.

Picha nazo. Usiku taa ya jikoni
iliifanya ya manjano kama mgonjwa wa ini.
Nikangoja saa nne asubuhi, ile nusu saa
jua linapojipenyeza kati ya jengo letu na lile la pili
likaangukia sinki.
Nikaondoa sumaku, ratiba ya maji, risiti za tokeni.
Nikapangusa juu, nikakuta vumbi la miaka sita
na kijiko ambacho Nekesa aliapa nilikipoteza mimi.

Kisha kasoro.
"Chema chajiuza," nikamwambia Kavinya.
"Mbona basi bado kiko jikoni kwako?"
Akavuta kigoda.
"Kasoro uliyoitaja wewe ni maelezo.
Aliyoigundua yeye ni wizi."

Nikaandika:
droo ya chini ina ufa, umezibwa kwa gundi, hauvuji.
Taa ya ndani iliungua mwaka wa uchaguzi.
Saa nane usiku hunguruma
kama mtu anayesafisha koo aseme jambo,
kisha asiseme.
Hiyo nikaifuta. Nikairudisha.
Mlango haushiki ukiufunga kwa mkono;
upige goti, chini kidogo ya mpini.

Sikuandika kwamba tuliinunua wawili, Luthuli, kwa pesa za chama,
wala mlango ulianza lini kukataa kushika,
wala nani aliubamiza.
"Hayo si ya mnada," Kavinya akasema,
na safari hii hakucheka.

Nilitaka kuanzia elfu kumi na mbili.
Akaniwekea elfu mbili.
"Bei ndogo huita watu," akasema, "watu ndio huita bei."
Mwisho Jumapili saa tatu usiku,
watoto wamelala, vyombo vimeoshwa,
simu ziko mikononi.

Siku mbili kimya.
Ijumaa, elfu mbili na mia mbili.
Jumamosi mtu wa Kayole na mtu wa Mihang'o
wakaanza kupandiana, mia kwa mia,
kama watu wanaozozania kiti msibani.
Jumapili saa mbili na nusu stima ikapotea.
Nikakaa gizani na chaji asilimia tisa,
friji imekata kauli.

Swali likaingia. Muthiora, Mihang'o:
*Goti la kulia au la kushoto?*

Sikujua.
Nikainuka, nikapapasa hadi jikoni,
nikasimama mbele yake kama niliyebeba sufuria
na mwili ukajibu wenyewe.
*La kushoto*, nikaandika.

Elfu tisa na mia nne.

Jumatatu alikuja na vijana wawili na kamba ya katani,
wote wanahema kwa ngazi.
Hakuuliza habari ya ngurumo. Hakuitazama droo.
Aliufungua mlango, akauachia, ukabaki wazi kidogo,
akaupiga goti.

Ukashika.

Akatoa pesa, akaanza kuhesabu,
na kijana mmoja akaniuliza bisibisi iko wapi.